Goti Likiuma Usiku, Kitanda ni cha Wawili



Kuna ugonjwa ambao hauui mtu, lakini unaweza kuwatenganisha wawili waliolala kitanda kimoja kwa miaka thelathini. Ugonjwa huo ni maumivu ya magoti. Wazee wetu waliuita baridi yabisi, na siku hizi hospitalini utasikia ukiitwa athraitisi. Tumeuleta katika ukurasa huu wa ndoa, wala si katika ukurasa wa afya, kwa sababu maumivu ya goti hayamsumbui mwenye goti peke yake. Usiku yanamsumbua pia yule anayelala kando yake. Naye asipoelezwa kinachoendelea hujitafutia maelezo yake mwenyewe, na mara nyingi maelezo hayo si ya kweli.

Tuseme mke ana miaka 58. Mchana kutwa amekuwa shambani, jioni amechuchumaa jikoni. Usiku anageuka mara upande huu, mara upande ule. Saa nane anaamka na kuketi ukingoni mwa kitanda akisugua goti. Hataki kumwamsha mzee, kwa hiyo anaumia kimya. Baada ya miezi michache anahamia katika chumba walichokiacha watoto, na anasema, "Ni ili wewe ulale vizuri." Lakini mume anasikia neno lingine kabisa. Anasikia kwamba ameachwa. Akinyoosha mkono amguse, mke anashtuka kwa sababu goti limetikiswa, naye mume anadhani ni yeye anayechukiwa.

Au geuza mambo. Mume ndiye anayeumwa, lakini alifundishwa tangu ujana kwamba mwanamume halii kwa ajili ya mguu. Basi anaamka mkali kila asubuhi, hazungumzi na mtu mpaka saa nne, na chakula anakirudisha nusu. Mke anaanza kujiuliza kama kuna mwanamke mwingine. Hakuna mwanamke mwingine. Kuna goti, na kuna usiku wa nne mfululizo bila usingizi.

GOTI LINA NINI?

Miisho ya mifupa inayokutana gotini imefunikwa kwa gegedu, kitu laini na telezi kinachofanya mifupa isisuguane. Katika ugonjwa huu gegedu hupungua na kukwaruzika, mfupa ulio chini yake hubadilika, na utando wa ndani ya kiungo huvimba. Ndiyo sababu goti hukakamaa ukikaa kwa muda mrefu, hulia kama mlango wenye kutu, na huuma zaidi ukishuka mteremko kuliko ukipanda.

Haya si baridi iliyoingia mifupani. Mtu wa Mombasa huugua sawa na mtu wa Kinangop, ingawa ni kweli kwamba majira ya baridi ya Juni na Julai wengi huhisi maungo yamekaza zaidi. Wala si uchawi wa jirani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 528 duniani walikuwa na ugonjwa huu wa viungo, na milioni 365 kati yao waliugua magoti. Wanawake ni kama 60 kwa kila wagonjwa 100. Umri una sehemu yake, urithi wa ukoo pia, na uzito wa mwili, na goti lililowahi kuumia katika mpira au ajali. Kazi za kupiga magoti, kuchuchumaa na kubeba mizigo mizito nazo huchangia. Mama aliyebeba majani chai kwenye miteremko ya Kericho kwa miaka ishirini hana haja ya kutafuta aliyemroga.

Jambo moja ningependa mlishike vizuri. Wengi husikia kwamba goti "limechakaa" nao huamua kulipumzisha kabisa, kama gari linalowekwa juu ya mawe. Goti si gari. Misuli ya paja ndiyo inayolibeba, na misuli isiyotumika hunywea, kisha goti lote hubaki bila mtu wa kulisaidia. Kutembea kwa kiasi hakuliharibu.

USINGIZI NA MAUMIVU HUFUATANA

Huenda ukauliza: mbona goti linavumilika mchana na kuwa kali usiku? Mchana akili ina kazi nyingine. Usiku nyumba imenyamaza, mwili umelala namna moja kwa saa nzima, na goti lililofanya kazi kutwa sasa linadai malipo. Kisha kuna jambo ambalo wagonjwa wengi hawajaambiwa: mtu asiyelala vya kutosha huhisi maumivu makali zaidi kesho yake, kwa goti lile lile. Maumivu yanafukuza usingizi, na kukosa usingizi kunazidisha maumivu. Kwa hiyo kuutengeneza usingizi si anasa. Ni sehemu ya matibabu ya goti, na hapo ndipo mwenzi wa ndoa anaweza kufanya mengi kuliko daktari, kwa sababu daktari hayupo saa nane za usiku.

Anzeni na maneno. Anayeumwa aseme mapema, wakati wa chakula cha jioni na si usiku wa manane: "Baba watoto, leo goti limekuwa baya. Nikigeuka-geuka usidhani nimekukasirikia." Maneno hayo machache huondoa nusu ya matatizo niliyoyataja hapo juu. Naye mwenzake aulize mara moja jioni, basi. Kuuliza kila nusu saa kunamkumbusha mgonjwa ugonjwa wake. Kuna waume, na tuwasifu kwa nia yao, ambao mke akisema goti linauma humnyang'anya kila kazi, hata kunyanyuka kuchukua kikombe. Upendo wa namna hiyo humdhoofisha. Mwachie kazi anazoweza, mwondolee zile zinazolikunja goti sana: kuteka maji na kupanda nayo kilima, kufua akiwa amechuchumaa, kupanga mizigo iliyo chini kabisa. Beseni la kufulia linaweza kuwekwa juu ya meza. Jiko linaweza kuinuliwa. Ni kazi ya fundi ya asubuhi moja, na mume mwenye nyundo anaweza kuifanya mwenyewe.

Na tafadhali, utani wa "umezeeka sasa" mbele ya wageni uachwe. Mgonjwa hucheka pamoja na wengine, lakini siku nyingine hatakuambia anapoumwa.

KITANDA CHENYEWE

Kitazameni kitanda chenu kwa macho mapya. Kikiwa chini mno, kuinuka ni mateso. Ukiketi ukingoni, magoti yasipite nyonga kwenda juu. Kama yanapita, wekeni vipande vya mbao imara chini ya miguu minne ya kitanda, na hakikisheni havitelezi. Godoro lililobonyea katikati huwavuta nyote wawili shimoni, na mwenye goti bovu hawezi kugeuka bila kujivuta kama anayetoka mtoni. Mkiweza, badilisheni godoro. Msipoweza leo, basi ligeuzeni.

Anayelala ubavu aweke mto kati ya magoti, ili goti la juu lisilikandamize la chini na mguu usining'inie. Mto wa zamani au blanketi iliyokunjwa inatosha. Anayelala chali anaweza kuweka mto mdogo chini ya goti kwa muda mfupi apate nafuu, lakini asilale nao hivyo usiku kucha, kila usiku. Goti lililozoea kukunjwa huanza kukataa kunyooka.

Mwenye kuumwa alale upande ulio karibu na mlango, hata kama kwa miaka yote huo ulikuwa upande wa mwenzake. Tochi iwe pale mkono unapofika. Kama choo kiko nje, safari ya gizani kwenye matope ni hatari kwa goti na kwa nyonga pia. Ndoo yenye kifuniko ndani ya chumba si aibu, ni busara, na yule mwenye magoti mazima ndiye aimwage asubuhi. Choo cha shimo kinaweza kuwekewa kiti cha mbao chenye tundu. Wale wanaomeza dawa za presha zinazoongeza mkojo wamuulize daktari kama wanaweza kuzimeza asubuhi. Huenda hilo peke yake likaokoa safari mbili za usiku.

Joto husaidia goti lililokakamaa. Nusu saa kabla ya kulala, weka chupa ya maji moto iliyofungwa kwa leso au taulo, isigusane na ngozi, kwa dakika 15 au 20. Ikiwa goti limevimba na lina joto lenyewe, tumia kitu baridi badala yake. Hapa pana nafasi nzuri kwa mwenzi: yeye ndiye achemshe maji. Akimkanda mwenziwe misuli ya paja na ndama kwa mkono mwepisi, si kwa kulibonyeza goti lenyewe, watapata pia dakika kumi za kuzungumza bila simu wala televisheni.

Kuhusu chai. Najua hapa nagusa jambo zito katika nyumba za Kenya! Lakini kikombe cha majani chai cha saa tatu usiku bado kiko mwilini saa nane. Anayekosa usingizi anywe cha mwisho saa tisa au kumi alasiri, na baada ya hapo maziwa au uji mwepesi. Pombe humlaza mtu haraka kisha humwamsha katikati ya usiku, kwa hiyo si dawa. Amka saa ile ile kila siku hata kama ulilala vibaya, na usingizi wa mchana usipite nusu saa. Ukikaa macho kitandani kwa muda mrefu, usipigane na usingizi. Ondoka, keti mahali pengine penye mwanga mdogo, nyoosha mguu, kisha urudi unaposikia macho mazito. Mwenzako ajue mapema kwamba ndivyo mtafanya, asije akakufuata akidhani kuna ugomvi.

Je, wanandoa walale vitanda mbalimbali? Sisemi kamwe. Kuna majuma ambayo kila mmoja anahitaji kulala, hasa kama mwingine anaamka alfajiri kwenda kazini. Lakini jambo hilo lisitokee kimyakimya. Kubaliana kwa maneno, tajeni ni kwa siku ngapi, na hata mkilala mbali, salini pamoja kwanza na muanze usiku kitanda kimoja. Mara nyingi blanketi mbili juu ya kitanda kimoja, kila mtu na yake, hutosha kabisa kuondoa hitaji la chumba cha pili.

TENDO LA NDOA

Wengi wataona aibu kulisoma hili, lakini wengi zaidi wataliangalia kwanza. Goti linalouma si mwisho wa haki ya ndoa. Linachodai ni mazungumzo na subira. Wengi walio na ugonjwa huu hukakamaa kwa muda usiozidi nusu saa baada ya kuamka, na mwisho wa siku huwa wamechoka. Basi kwa wengine saa nzuri ni asubuhi baadaye kidogo, au alasiri siku ya mapumziko, nyumba ikiwa tupu. Maji ya moto kabla, au dawa ya maumivu iliyoruhusiwa na daktari nusu saa mapema, husaidia. Asiyeumwa ndiye abebe uzito wake mwenyewe, na goti bovu liegemezwe kwa mto wala lisitumiwe kama nguzo. Kulala ubavu kwa wote wawili huwafaa wengi. Na jioni ambayo jibu ni "leo siwezi", jibu hilo lisiachwe peke yake gizani. Liongezewe mkono ulioshikwa, na siku nyingine iliyotajwa. Mume anayelazimisha juu ya goti linalouma hajui ndoa ni nini.

DAWA NA TAHADHARI

Hapa nitakuwa mkali kidogo. Panadol husaidia baadhi ya watu, ingawa kwa goti nafuu yake ni ndogo. Mtu mzima asipite tembe 8 za miligramu 500 kwa saa 24, na mwenye ini bovu au mnywaji wa pombe amuulize daktari kwanza. Kumbuka kwamba dawa nyingi za mafua zina dawa hiyo hiyo ndani. Brufen na diclofenac zina nguvu zaidi, lakini zikimezwa kila siku huweza kuleta vidonda vya tumbo, kuharibu figo na kupandisha presha. Mwenye umri wa zaidi ya miaka 60, mwenye presha au kisukari, asizinunue tu kwenye kemisti kama peremende. Jeli ya diclofenac ya kupaka juu ya goti ni salama zaidi kwa wengi, kwa kuwa dawa kidogo tu huingia katika damu. Lakini usichanganye kumeza na kupaka bila kuuliza.

Jihadhari na unga au tembe zisizo na jina zinazouzwa sokoni na kwenye matatu kwamba zinaponya "maungo yote" kwa siku tatu. Katika nchi nyingi dawa za namna hiyo zimekutwa zimetiwa steroidi kisirisiri. Nafuu huja haraka kweli, kisha uso huvimba, sukari hupanda na mifupa hulainika. Na Piriton si dawa ya usingizi ya kumezwa kila usiku. Humchanganya mzee kichwa na kumwangusha anapoamka kwenda choo.

Dawa isiyouzwa ni mazoezi. Keti kwenye kiti, nyoosha mguu mpaka uwe sawa, hesabu polepole hadi 5, ushushe. Fanya mara 10 kila mguu, asubuhi na jioni. Ni kweli goti litanung'unika mwanzoni. Kama maumivu ya zoezi yanaendelea hadi kesho, punguza, usiache. Fanyeni wote wawili, maana anayefanya peke yake huacha baada ya juma moja. Na uzito: ukipungua kilo 1, goti hupunguziwa mzigo wa kama kilo 4 kwa kila hatua. Hapo mpishi na mlaji waelewane, kwa sababu mke hawezi kupunguza chapati na sukari kama mume anadai meza ijae. Fimbo ishikwe kwa mkono ulio upande wa mguu mzima, wala si upande wa goti bovu kama wengi wafanyavyo. Kwenye ngazi, panda kwa mguu mzima kwanza, shuka kwa mguu mbovu kwanza.

Swali ambalo waumini wazee huuliza kwa wasiwasi ni la kupiga magoti katika Misa Takatifu. Kanisa lenyewe limejibu. Maelekezo ya jumla ya Misale ya Kirumi, namba 43, yanasema anayezuiwa na afya hasharutishwi kupiga magoti wakati wa mageuzo. Asiyepiga magoti huinama sana pale padre anapopiga goti. Vivyo hivyo Rozari ya jioni nyumbani: keti kitini. Mwenzako akipiga magoti kando yako, sala ni moja.

Kuna dalili zisizongoja. Goti likivimba ghafla, liwe jekundu na moto, hasa ukiwa na homa, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo ndama ikivimba na kuuma upande mmoja. Kama maungo ya mikono yote miwili yamevimba, na asubuhi hukakamaa zaidi ya saa nzima, huenda ni ugonjwa mwingine wa viungo wenye dawa zake, na kuchelewa kunaharibu.

Wale ambao magoti yao yamefikia mwisho kabisa wanaweza kufanyiwa upasuaji wa kubadilisha goti, na hapa Kenya kazi hiyo hufanywa, kwa mfano Kijabe, Kikuyu na Tenwek. Katika nchi zenye kumbukumbu za miaka mingi, kama magoti 8 kati ya 10 yaliyowekwa hivyo hudumu miaka 25. Gharama si ndogo. Tangu Oktoba 2024 SHA imechukua nafasi ya NHIF, kwa hiyo ulizeni kwa maandishi bima italipa nini kabla ya kuuza ng'ombe. Na jueni mapema kwamba majuma ya kwanza baada ya upasuaji usingizi huwa mbaya zaidi kuliko awali. Pangeni nani atalala chumba kimoja na mgonjwa, nani atakamua ng'ombe asubuhi, na mazoezi yatafanywa saa ngapi kutwa. Mgonjwa ataomba mto chini ya goti. Mpeni chini ya kisigino, goti libaki limenyooka, hata akilalamika.